Kilicho katikati ya injini na pangaboi

Wiki jana nilituma hapa kavideo kafupi ka boti ndogo inayokimbia kwenye maji ya Rumonge, na wengi mliniuliza maswali mawili: umeinunua wapi, na mbona inarudi yenyewe? Sijainunua. Na hairudi yenyewe, naigeuza kwa rimoti. Leo nataka kueleza kazi moja tu kati ya zote nilizofanya pale, kazi iliyonishinda mara mbili: kukata kable inayotoa nguvu kwenye mota na kuifikisha kwenye pangaboi, wengine huku wanasema elisi. Najua inaonekana kitu kidogo. Kwangu siyo kidogo, na nitaanza na sababu yake.

Sisi tulivuka Januari 2018, vita vilipochachamaa upande wa Fizi. Mwezi ule maelfu ya watu walivuka ziwa kwa maboti na mitumbwi, wengi wakateremkia Rumonge. Mimi nilikuwa na miaka 15. Mdogo wangu wa kike alikuwa mgongoni mwa mama, hajamaliza hata miezi mitatu. Usiku, katikati ya ziwa, boti ikasimama. Ambacho sijasahau ni kwamba injini haikuzima. Ilikuwa inanguruma, tena kwa nguvu kuliko mwanzo, lakini boti haiendi. Mawimbi yakaanza kutugeuza ubavu. Watu wakampigia nahodha kelele aongeze moto. Yeye akazima injini kabisa, na hapo ndipo watu walipolia kweli.

Akainua mguu wa injini, kijana wake akammulika kwa tochi. Pini ya pangaboi ilikuwa imekatika. Ni kipini kidogo, urefu wa kidole hakifiki. Nahodha akang'oa msumari kwenye ubao tuliokalia, akaukata, akaugongea pale. Tukafika asubuhi.

Tangu siku ile mama hataki kusikia habari za ziwa. Na mimi tangu siku ile najua jambo moja: injini inaweza kuwa nzima, mafuta yapo, pangaboi zima, na bado mkafa, kwa sababu ya kitu kidogo kilicho katikati.

Sasa tuko Ruyigi, kwenye vilima, mbali na ziwa. Nafanya kazi ya kujitolea na watoto, michezo na kusoma. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni sasa anasoma shule ya msingi. Siku moja aliniuliza, "Yaya, hilo ziwa mnalosema, ni kubwa kama lile shimo la maji wanakofyatulia matofali?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mtoto wa watu wa ziwa, babu yake mvuvi, baba yake mvuvi, na ziwa kwake ni shimo la matofali. Nikamwambia nitamtengenezea boti. Mama akasikia, hakusema kitu, akaendelea kuchambua maharage.

Mwili wa boti ulikuwa rahisi: kibidoni cha mafuta cha lita tano, nimekilaza na kukikata ubavu wa juu, na vipande vya ndala ndani ili kisizame. Mota na rimoti nilivitoa kwenye kagari ka watoto, zile za Kichina, kalikovunjika magurudumu. Ile sehemu iliyokuwa inapindisha magurudumu ya mbele nikaifanya usukani. Mawe manne ya redio, basi. Pangaboi nililikata kwenye kopo la nyanya.

Tatizo likawa katikati. Mota imelala tumboni mwa boti, pangaboi linatakiwa liwe chini, nyuma, ndani ya maji. Kwanza niliweka spoki ya baiskeli, nikaiunganisha na mota kwa kipande cha mrija wa kalamu. Spoki imenyooka, haikubali kupinda. Ikibidi ipite mshazari, mota nayo lazima ilale mshazari ule ule kabisa. Ukikosea hata kidogo tu, inatetemeka, inapanua tundu lake, maji yanaingia. Kwenye beseni pale kambini ilizama mbele ya watoto wote.

Likizo ilipofika nikaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka, siku nne, nikaenda kwa mjomba Rumonge. Nilikuwa sijafika pale tangu 2018. Harufu ni ile ile: mawese, ndagala zilizoanikwa, moshi wa injini. Hewa ikiwa safi unaiona milima ya Ubwari ng'ambo, kwetu. Mjomba akanipeleka kwa fundi wa mota za boti, mzee mmoja mwenye banda lake karibu na ufuko.

Mzee aliitazama spoki yangu, akasema, "Kijana wangu, umefanya kama Liemba, lakini wewe siyo Liemba." Akanieleza. Mwaka 2015 yeye na familia yake walikimbia Burundi kwa njia ya maji, wakafika Kagunga, kile kijiji cha Tanzania kilicho kati ya mlima na ziwa. Mwezi wa Mei walirundikana pale maelfu kwa maelfu, na kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikaja kuwachukua. Ilisimama mbali na ufuko, maboti madogo yakawa yanawapeleka watu hadi melini, kisha ikawapeleka Kigoma, na kutoka pale mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. "Nilikaa juu," akasema, "nasikiliza mashini chini ya miguu yangu. Meli kubwa ina nafasi ya shafti nene ya chuma kilichonyooka. Wewe huna nafasi hiyo. Wewe unahitaji shafti inayojua kupinda."

Akachomoa kwenye kopo la vyuma kable ya kontere ya pikipiki. Ni ile kable inayotoka gurudumu la mbele na kuzungusha mshale wa spidi. Ukiivua ganda lake la nje, ndani kuna waya uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma kigumu, tabaka juu ya tabaka, moja linaenda huku, jingine linaenda kule. Ishike ncha moja na uizungushe, ncha nyingine inazunguka pia, hata ukiwa umeikunja. Yaani shafti ya kupinda imepakiwa kwenye kila teksi-moto ya kizamani, na sisi tunaipita kila siku.

Nilikuwa na kable moja tu, kama sentimita 90. Boti yangu ilihitaji sentimita 22. Nikasema hii ni nyingi, itatosha.

Kosa la kwanza nililifanya mzee alipokwenda kula. Nikachukua koleo, nikabana, nikakata. Kable ikafumuka kama kamba ya katani! Zile nyuzi zimesukwa kwa kukazwa, ukizikata bila kuzifunga zinajiachia. Ncha ikawa kama ufagio, na koleo imeibonyeza bapa. Nikakata tena mbele kidogo, ikafumuka tena. Mzee aliporudi, kable ilikuwa imebaki kama sentimita 60, na mimi vidole vinatoka damu.

Hakunigombeza. Akasema, "Kable hufungwa kwanza, ndipo hukatwa." Hivi ndivyo alivyonionyesha, andikeni. Pima, tia alama. Osha sehemu ile kwa petroli mpaka mafuta yatoke yote, iache ikauke kabisa, petroli iwe mbali na moto. Paka dawa ya kuchomea, kisha yeyusha risasi kwa pasi ya kuchomea, uiache inywe ndani ya nyuzi, kama sentimita moja kila upande wa alama. Ikipoa, sehemu ile inakuwa kama chuma kimoja. Hapo unakata katikati ya risasi, kwa disiki ya kukatia au ukingo wa jiwe la kunolea, polepole, unapoza kwa maji kila mara ili risasi isiyeyuke. Koleo hapana. Msumeno wa kawaida nao meno yake yanaisha haraka, kwa sababu chuma kile ni kigumu. Ukimaliza, lainisha ncha kwa tupa. Pande zote mbili zinabaki zimefungwa.

Jambo la pili alilonifundisha ni upande wa kuzunguka. Angalia nyuzi za tabaka la nje zimelalia wapi. Mota ikizunguka upande wa kuzikaza, kable inakuwa na nguvu. Ikizunguka upande wa kuzifungua, itavimba na kufumuka ndani ya mrija. Yangu ilikuwa inafungua. Tukabadilisha waya mbili za mota, mota ikageuka upande, halafu mimi nikapinda upya mabawa ya pangaboi ili lisisukume boti kinyumenyume.

Mrija wa kupitishia kable tuliutoa kwenye antena ya redio mbovu. Ili upinde bila kubonyea, tuliujaza mchanga mkavu, tukaziba ncha, tukaupinda taratibu kwenye goti, kisha tukaumwaga mchanga na kuusafisha.

Kosa la pili lilikuja siku ya tatu. Nilipima vizuri sana, safari hii kwa kiburi. Nikakata kable ikalingana sawasawa, pangaboi likagusa mdomo wa mrija bila nafasi hata ya karatasi. Juu ya meza ilizunguka vizuri. Kwenye beseni ikazunguka. Nikaipeleka ziwani. Ikaenda mita kama sita, ikapunguza mwendo, ikasimama. Mota inalia, pangaboi haliendi. Nabonyeza rimoti, hakuna kitu. Upepo ukaanza kuisukuma nje, ikageuka ubavu.

Wandugu, nilisimama pale maji yamefika magotini, rimoti iko mkononi kama kipande cha sabuni, na nikawa na miaka 15 tena. Nilisikia ile injini. Sikuweza kusogea. Kijana mmoja aliyekuwa anarudi na mtumbwi ndiye aliyeiokota, akaniletea, akashangaa kuona natetemeka kwa sababu ya kidude cha watoto.

Mzee naye hakushangaa. Alinipa chai kwanza. Kisha akanieleza kwamba juu ya meza kable haina mzigo. Ndani ya maji inabeba mzigo, inajikaza, na inapojikaza inafupika kidogo. Tena pangaboi likisukuma maji nyuma, lenyewe linasukumwa mbele. Kwa hiyo linabana mdomo wa mrija, linasugua, mota inachoka. Dawa yake ni kuacha nafasi, kama milimita tatu au nne kati ya pangaboi na mrija. "Usipime kitu kwa siku ambayo hakina mzigo," akasema. Kable ilikuwa imebaki kama sentimita 35. Ya mwisho. Nilipima, nikaongeza ile nafasi, nikafunga kwa risasi, na mkono wangu ulikata polepole kuliko siku zote.

Kabla ya kuiingiza, tuliipaka grisi nyingi. Nikamuuliza grisi yote hiyo ya nini. Akarudi tena kwa Liemba yake. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913. Mwaka 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mashini yake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. "Miaka minane chini ya maji," mzee akasema. "Wewe unaogopa kuchafua vidole?" Grisi inafanya kazi mbili: inazuia kable kusugua mrija, na inazuia maji kupanda ndani ya boti. Kila ukimaliza kucheza, chomoa kable, ifute, ipake upya, maana chuma hiki kinashika kutu haraka.

Siku ya nne asubuhi tukaenda ziwani. Mzee alifunga uzi wa kuvulia nyuma ya boti, akaushika yeye. Boti ikaenda. Ikafika mita kumi, nikaigeuza, ikarudi mpaka miguuni. Ikaenda tena, ikarudi. Mara ya tatu mzee alikata uzi kwa wembe bila kuniambia. Niligundua boti ilipokuwa imesharudi.

Mjomba ndiye aliyechukua ile video. Nikamtumia mama kwa simu ya jirani, nikiogopa atakasirika. Jioni akanipigia. Nyuma yake nikamsikia mdogo wangu anapiga kelele, "Maji hayaishi! Maji hayaishi!" Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ule mlima nyuma ni Ubwari?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Mwambie mjomba wako siku nyingine asimame vizuri, apige na mlima wote."

Boti iko hapa kambini sasa. Kable imebaki sentimita 12, haitoshi kitu, lakini nimeihifadhi ili niwaonyeshe namna ya kuifunga kwa risasi. Jumamosi baada ya mpira tukutane kwenye banda la vijana. Mwenye kagari kabovu ka rimoti, au anayemjua fundi pikipiki mwenye kable za kutupa, aje nazo. Koleo mziache nyumbani.