Kugawana Bila Akiba

Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida katika kituo cha Goddard cha NASA, Marekani, zikafanya kazi kama mashine moja. Miaka mingi baadaye nasi tuliwaiga kwa kompyuta nane kuukuu. Fedha zilikuwa haba. Nikaamua kila kompyuta mbili zitumie pawa saplai moja. Wati zilitosha, na pawa saplai yenye mzigo wa wastani hupoteza sehemu ndogo zaidi ya umeme inaovuta kuliko inayofanya kazi karibu tupu.

Sikuipigia hesabu siku ya kuharibika. Usiku mmoja pawa saplai iliungua, kompyuta mbili zikazimika pamoja, na kazi iliyogawanywa kwa zote nane ikakatika. Mwanafunzi wangu alipoteza hesabu za siku tatu. Hakunilaumu, hilo ndilo lililoniumiza.

Seva zinazokaa kasha moja nazo hugawana pawa saplai, lakini huongezwa moja ya ziada, ili moja ikifa nyingine zibebe mzigo. Ndiyo maana nisikiapo wakubwa wakisifu kubana matumizi, huuliza: akiba iko wapi? Kugawana bila akiba si ujamaa. Ni kumtwisha hasara mtu ambaye hakuulizwa.