Mwenzio Asilowe: Wikiendi ya Wawili Karatu na Ngorongoro

Wapenzi wengi wa mjini wakisikia "wikiendi" na "maji" kwa pamoja, mawazo yanakimbilia baharini. Nungwi, Kendwa, Kigamboni. Boti inavuta tyubu kubwa iliyojaa upepo, wawili wameing'ang'ania, na kila wimbi linaleta kicheko. Kule kulowa ndiyo starehe yenyewe. Jua lipo, ukitoka majini baada ya muda mfupi umeshakauka, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake.

Sasa wachukue wawili haohao, uwapandishe hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro saa 12 na nusu asubuhi, mwezi wa Aprili. Ukungu umetanda, manyunyu yanapenya kila mahali. Mmoja kasimama, paa la gari liko wazi, anapiga picha na kufurahia maisha. Mwingine yuko kiti cha nyuma, shingo imelowa, soksi zimelowa, na kanuna. Hapo hakuna tena fungate. Pesa mliyoichanga miezi sita inaishia kwenye mnuno wa kutwa nzima.

Na wala sio kwamba masika ni wakati mbaya wa kwenda. Kati ya Machi na Mei hoteli nyingi za Karatu hushusha bei, magari ndani ya kreta yanapungua, na nyasi ni za kijani kibichi utadhani zimepakwa rangi. Kwa wawili wenye kipato cha kawaida, huu ndio msimu unaowezekana. Kinachotakiwa ni kujua namna ya kubaki wakavu, wote wawili.

Kwa nini huko kulowa si mchezo

Kutoka Arusha hadi Karatu ni kama kilomita 140, lami tupu. Unapita Makuyuni, unaingia Mto wa Mbu, kisha gari linapanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini yenu. Mji wa Karatu uko kwenye kimo cha kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake kuna geti la Lodoare, na kuanzia hapo barabara inapanda ndani ya msitu mpaka ukingoni, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,200.

Fanya hesabu ndogo. Kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Maana yake aliyezoea Dar es Salaam anakutana na tofauti ya kama nyuzi 14, na hapo bado hajalowa. Akilowa ndiyo balaa, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya kama mara 25 kuliko hewa. Fulana iliyolowa ni adui mkubwa kuliko ile baridi yenyewe.

Huo unyevu unatoka wapi? Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unakuja moja kwa moja hadi kwenye milima hii, unalazimika kupanda, unapoa, na unaacha maji yake upande wa mashariki na kusini. Ndiyo maana msitu wa ukingoni umejaa ukungu, wakati upande wa pili, kuelekea Olduvai, ni kukavu. Msitu huohuo ndio unaotunza chemchemi na mito inayonywesha mashamba ya kahawa, mahindi na maharage ya Karatu. Kwa hiyo usiulaani ukungu. Bila huo, hata kahawa mnayokunywa asubuhi hotelini isingekuwepo.

Habari njema ni kwamba kreta ina kina cha kama mita 600. Mara nyingi ukungu unakaa juu, chini kuko wazi. Mkifika pale pa kutazamia mkaona weupe mtupu, msikate tamaa. Cha muhimu ni kufika chini mkiwa wakavu.

Aliye nyuma ndiye anayelowa

Turudi kidogo kwenye ile tyubu ya baharini, maana ina somo. Boti ya jeti haina pangaboi la nje. Pampu inanyonya maji chini ya boti na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Aliye ndani ya boti amekaa zake mkavu. Aliye kwenye tyubu, kamba ikiwa fupi, anapokea yale maji usoni. Mwendesha boti anayejali anarefusha kamba ili tyubu ikae nyuma ya pale maji yanapoangukia. Anashika mwendo mmoja, anapiga kona pana, na anaangalia upepo unayapeleka wapi matone. Mkavu kabisa huwezi kuwa, lakini tofauti ni kubwa. Abiria wa tyubu hana usukani wala breki. Hali yake iko mikononi mwa aliye mbele.

Ndani ya kreta hakuna boti, ila mambo ni yaleyale. Dereva amekaa nyuma ya kioo, juu yake kuna bati. Upepo na manyunyu vinapita juu ya kichwa chake na kumfikia aliye kiti cha nyuma. Gari la mbele likipita kwenye dimbwi, tope linakuja kwa gari linalolifuata karibu. Mwambieni dereva kwa heshima tu, "Kaka, tuachie nafasi kidogo na hilo la mbele." Madereva wazoefu wanaelewa. Hawajui tu kama nyuma kuna mtu anaumia, kwa sababu aliyelowa mara nyingi hukaa kimya ili asiharibu safari ya mwenzake.

Huo ukimya ndio wa kuogopa. Jamani, muulize mwenzio. Usingoje aseme.

Paa ni uamuzi wa wawili

Magari mengi ya utalii yana paa linaloinuliwa juu kwa vyuma, nanyi mnasimama kutazama wanyama. Gari likiwa limesimama, mvua inayoshuka wima haiwapati sana, paa linawakinga kama mwavuli. Gari likianza kutembea, mvua ileile inaingia kwa mbele na pembeni. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: mkitembea, paa chini, mkisimama, paa juu. Inachosha kidogo, lakini inaokoa siku.

Jambo jingine dogo. Maji hutuama juu ya paa. Mkiliinua kwa pupa, au dereva akikanyaga breki ghafla, ndoo nzima inamwagikia mtu wa nyuma. Kabla ya kuinua, mwombe dereva ayamwage kwanza. Na viti vyenu viwili, badilishaneni. Aliyekaa nyuma asubuhi akae mbele baada ya chakula cha mchana.

Kumbukeni pia kwamba chini ya kreta hamruhusiwi kushuka popote mnapotaka. Mnashuka kwenye maeneo maalumu, kama pale kwenye chemchemi ya Ngoitoktok ambako viboko wanaogelea na watu wanakula chakula chao. Ukilowa saa 1 asubuhi, unaweza kukaa na nguo hizohizo muda mrefu. Weka fulana na soksi kavu mahali ambapo mkono unafika, sio chini ya masanduku. Na ukila pale Ngoitoktok, kula ndani ya gari. Mwewe wa pale hawana utani, wanashuka na kukupokonya kipaja cha kuku mkononi.

Mkitamani maji kweli

Kwa wale ambao wikiendi bila maji haijakamilika, shukeni Ziwa Manyara, kama kilomita 30 kutoka Karatu. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara ilianzishwa mwaka 1960. Ziwa lenyewe lina maji ya magadi na kina kifupi, kwa hiyo msitegemee boti ya kuvuta tyubu. Burudani yake ni mtumbwi wa watu wawili, pamoja na mwongozaji, pale maji yanapotosha. Ziwa hili hupungua na kujaa kulingana na mvua, hivyo ulizeni kabla hamjafunga safari.

Kwenye mtumbwi, anayemlowesha mwenzako ni wewe. Ukiinua kafi juu sana, maji yanachirizika na kumwagikia aliye nyuma yako, hasa ukilivusha kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Piga kafi chini chini, liache lichuruzike kwanza, ndipo ulivushe. Aliye mbele anaweka mwendo, wa nyuma anaongoza. Nendeni asubuhi, kabla upepo haujachachamaa. Maji ya magadi yakiingia machoni yanawasha, na yakikauka kwenye nguo yanaacha weupe. Jaketi la kujiokolea halivuliwi hata kama unajua kuogelea kama samaki, na mwongozaji akisema kaeni mbali na viboko, hakuna ubishi.

Ndani ya begi

Achana na suruali ya jinsi. Ikilowa inakuwa nzito kama gunia na haikauki upesi. Vaa nguo nyepesi inayokauka haraka karibu na mwili, juu yake sweta la sufu, na juu kabisa koti la mvua lenye kofia. Sufu inatunza joto hata ikiwa na unyevu, pamba haifanyi hivyo. Hakuna haja ya kwenda dukani kununua vitu vya bei mbaya. Kwenye mitumba ya Arusha utapata jaketi zuri tu, ilimradi ulijaribu kwanza: mwagia maji kidogo begani uone kama yanateleza au yanaingia.

Shuka la Kimasai la kujifunika magotini ni zuri sana ndani ya gari, na mkirudi nyumbani linabaki kumbukumbu. Ila usilivae kwenye manyunyu, litakunywa maji yote.

Simu na kamera je? Ile mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usiwaze kufungia vitu kwenye rambo. Tumia mfuko wa turubai unaokunjwa mdomo, au hata ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Inachekesha, lakini haivuji. Chupa ya chai ya tangawizi iwe karibu. Mwenzio akianza kutetemeka, kwanza mbadilishe nguo, halafu ndiyo chai. Ukianza na chai wakati nguo zimelowa, unajaza pakacha.

Mlale wapi?

Kulala ukingoni kuna raha yake. Ukiamka asubuhi na ukungu ukajaliwa kufunguka, kreta nzima iko miguuni pako. Lakini kwa masika, Karatu ni chaguo la busara zaidi: joto linazidi kidogo, bei ni nafuu, na nguo zina nafasi ya kukauka. Ulizeni kama chumba kina sehemu ya moto au kama jikoni wanaweza kuwaanikia. Wenye roho ngumu wanaokwenda kupiga hema kwenye kambi ya Simba, ukingoni, wasichague bonde. Maji hutafuta pa chini usiku. Na msizibe kila tundu la hema kwa kuogopa baridi, maana pumzi zenu wawili zinageuka matone na kuwadondokea alfajiri.

Siku ya pili msikimbilie kuondoka. Mkipita kwenye mashamba ya kahawa wakati wa mavuno, mtaona kahawa imeanikwa kwenye vichanja, na turubai limekunjwa kando. Mkulima akiona wingu limeanza kujikusanya juu ya Oldeani, anafunika. Hangoji tone la kwanza, kwa sababu kahawa iliyolowa mara moja hairudi tena kuwa ileile.

Basi kabla hamjawasha gari kuelekea Lodoare, kaeni dakika tano na mpatane: nani anakaa wapi, paa litafunguliwa lini, na kila mmoja ana ruhusa ya kusema "nimelowa" bila kuonekana mdekaji. Kisha pandeni. Faru akijitokeza kwenye ukungu, mtamwona wote wawili, na hakuna atakayekuwa anawaza soksi zake. Safari njema!