Tukafungua Daftari: Hesabu ya Kulea Watoto Wanne kwa Mshahara Mmoja



Kila nilipojifungua, waliokuja kuniangalia waliniambia neno lile lile: mtoto huja na riziki yake. Naliamini. Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa, aya ya 31, amekataza watu kuwaua watoto wao kwa kuogopa ufukara, akaahidi kuwa Yeye ndiye anayewaruzuku watoto pamoja na wazee wao. Muumini habishani na ahadi hiyo. Lakini riziki haishuki jikoni ikiwa imeshapikwa. Hupita mkononi mwa mtu, na mwenye mkono huo inampasa ajue kinachoingia na kinachotoka. Leo nataka tukizungumze hicho kinachotoka, tena kwa shilingi, kwa sababu mambo haya sisi wanawake huwa tunayasema kwa kunong'ona tu.

Mimi ni mama wa watoto wanne. Mkubwa ni binti wa miaka 14, yuko sekondari. Wawili wa kati wako msingi, na mdogo ana mwaka na nusu. Mume wangu ni mpishi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki hapa Unguja. Mimi nashona madira na sare za skuli nyumbani. Tunakaa nyumba ya familia ya mume wangu, pamoja na mama mkwe, kwa hivyo kodi hatulipi, alhamdulillah. Mshahara wa mume wangu ni 450,000 mkononi, isipokuwa Aprili na Mei. Masika yakiingia wageni hupungua, hoteli yao hufungwa, na yeye hurudi nyumbani na nusu mshahara.

Mwaka jana, kabla ya masika, binti yangu alinifuata jikoni nikikuna nazi. Akaniambia, "Mama, mimi tuisheni nitaacha. Hesabu nitajisomea mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Basi tu." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Ile 20,000 si mnunulie pampasi za mdogo wangu."

Hakuna aliyemwambia kuwa hali ni ngumu. Aliona mwenyewe. Watoto wanasikia tunaponong'ona dukani "niandikie", wanaona mchuzi unavyozidi kuwa mwepesi kadiri tarehe zinavyosogea. Kilichonichoma si ile 20,000. Ni kuwa mtoto wa miaka 14 ameshaanza kujihesabu kuwa yeye ni gharama, na anatafuta namna ya kujipunguza. Nikasema moyoni, hili halitaendelea ndani ya nyumba hii.

Daftari

Mume wangu aliporudi kwa mapumziko yake, watoto walipolala, tulikaa chini tukafungua daftari la mistari, la kawaida tu. Tukaandika kila kitu kinachotoka kwa mwezi mmoja:

- Mchele, unga, sukari, mafuta na nazi: 150,000
- Samaki au dagaa na mboga, 4,000 kwa siku: 120,000
- Boflo na chai ya asubuhi, 1,500 kwa siku: 45,000
- Pesa ya skuli, watoto watatu, 500 kila mmoja kwa siku 22: 33,000
- Chuo cha Qur'ani, watoto watatu: 15,000
- Tuisheni ya mkubwa: 20,000
- Pampasi, nne kwa siku kwa 500 moja: 60,000
- Umeme na maji: 25,000
- Mkaa na gesi: 35,000

Jumla 503,000. Mshahara 450,000. Yaani mwezi ukianza tumeshapungukiwa na 53,000, na hapo hajaugua mtu, hakijachanika kiatu, wala haijaja sikukuu.

Mume wangu aliitazama ile jumla kwa muda mrefu. Alikuwa akidhani kinachotumaliza ni mchele. Mimi nilidhani ni samaki, maana upepo ukichafuka bei ya fungu hupanda hadi mtu anarudi na kikapu kitupu. Daftari likatuonesha jambo jingine: pampasi zinakula mara tatu ya tuisheni. Pesa ya skuli, zile miatano miatano za asubuhi ambazo hakuna anayezihesabu, zinakula zaidi ya chuo mara mbili. Mtoto hagharimu kwa kishindo. Hugharimu kwa matone.

Na hapa niseme neno kuhusu skuli. Elimu bure Zanzibar ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, na sisi ni katika wanaofaidika, kwani watoto wetu wote wako skuli ya serikali. Lakini ada ikiwa haipo, bado kuna viatu, begi, madaftari, shati jeupe lisilokubali kubaki jeupe, na buibui la skuli ambalo binti anayekua analiacha kila mwaka. Mama anayesema skuli ni bure hajawahi kununua viatu vitatu mwezi mmoja wa Januari.

Tulichokata, na tusichokigusa

Tulianza na kanuni moja: hakikatwi kinachomjenga mtoto. Chuo hakiguswi. Tuisheni haiguswi. Chakula cha mchana hakipunguzwi.

Pampasi tukazibakisha za usiku tu, moja kwa siku. Mchana mdogo anavaa nepi nilizozishona kwa kanga zangu kuukuu, tabaka tatu, laini kuliko za dukani. Kufua ni kazi, sikatai, lakini 60,000 ikawa 15,000. Maziwa ya kopo hatujawahi kununua. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na aya hiyo hiyo imemwekea baba chakula na mavazi ya mama. Basi dada yangu unayenyonyesha, usijinyime wewe ili wengine washibe. Sahani yako ndiyo sahani ya mtoto.

Pesa ya skuli tukaishusha hadi 200, lakini kila mtoto anaondoka na kitu ndani ya begi: chapati, muhogo wa kuchemsha, kitumbua. Wa tatu alinuna wiki nzima. Wiki ya pili wenzake wakaanza kumwomba vitumbua, kununa kukaisha. Hapo 33,000 ikawa 13,200.

Jumla mpya ni 438,200. Zinabaki 11,800, nazo zinaingia kibubu cha dawa. Si nyingi, lakini ni mara ya kwanza mwezi wetu umemalizika kabla ya pesa.

Kitu kimoja hatukukiandika: pencheni jamii ya mama mkwe. Wazee waliofikia miaka 70 hapa kwetu wanaipata tangu 2016, na najua nyumba ambazo ikiingia tu huhesabiwa kuwa ya unga. Ile ni ya bibi. Akitaka kuwanunulia wajukuu ubuyu, ni mapenzi yake. Akitaka kuiweka, pia ni yake.

Masika, sikukuu na sare za harusi

Bado kulikuwa na Aprili na Mei. Hapo ndipo cherehani yangu ilipoingia. Nimejiunga na upatu wa watu kumi, 45,000 kila mwezi, unaoanza Juni na kumalizika Machi. Zamu ya mwisho haitakiwi na mtu. Mimi niliiomba. Mwisho wa Machi napokea 450,000, na masika yakipiga nyumba ina akiba.

Nguo za sikukuu nanunua vitambaa Darajani miezi ambayo hakuna pirika, si kumi la mwisho la Ramadhani, nikazishona kidogo kidogo. Mtoto hajui kitambaa kilinunuliwa lini. Anachojua ni kuwa siku ya Eid ana nguo mpya na anakwenda Mnazi Mmoja na wenzake.

Na sare za harusi, mashoga zangu, tusidanganyane. Mwezi wa harusi tatu ni sare tatu, kila moja na kilemba chake, na tunzo juu yake. Mimi sasa nachagua. Harusi ya ndugu wa damu navaa sare. Nyingine nakwenda na dera langu safi, nabeba sinia ya visheti, nasaidia jikoni, naomba dua ya kheri kwa maharusi. Kuna aliyeninong'ona. Lakini huyo aliyeninong'ona hatonilipia tuisheni.

Ya lazima ni ipi, na ya hisani ni ipi

Hapa ndipo kiini cha maneno yangu. Ile 45,000 ya upatu ni pesa yangu. Katika dini yetu nafaqa, yaani chakula, mavazi na makaazi, ni wajibu wa mume, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake kama ilivyokuja katika Suratut Talaq, aya ya 7. Mke hata akiwa na mali, haimwangukii. Lakini akitoa kwa radhi yake anapata fungu kubwa. Bibi Zaynab, mke wa Abdullahi bin Mas'ud, alitaka kujua kama inamtosheleza kumsaidia mumewe na mayatima anaowalea, na Mtume (S.A.W.) akafahamisha kuwa ana malipo mawili: ya udugu na ya sadaka.

Usiku ule mume wangu aligeuza daftari, akaandika nafaqa ukurasa wa kushoto, na mchango wangu ukurasa wa kulia. Akasema, "Hii isije ikachanganyika na ile. Nataka watoto wajue mama yao alitoa, hakutolewa." Wallahi maneno yale yalinipa nguvu kuliko pesa yenyewe. Wanawake wengi hatuchoki kwa kutoa. Tunachoka kwa kutoa kisha ikageuzwa haki ya mtu.

Na kama mume anao uwezo naye hatoi, hilo ni jambo jingine. Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe ni bahili, aliruhusiwa kuchukua kinachomtosha yeye na mtoto wake kwa wema. Hapa kwetu ipo Mahakama ya Kadhi, na kudai matunzo ya watoto si utovu wa adabu.

Kwa bi harusi wetu

Somo wako atakufundisha singo, udi na kupokea mume. Msikilize. Lakini kabla ya siku ya ndoa, kupitia walii wako au mbele yake, pata majibu ya haya: Kipato chako kinakuja kila mwezi au kwa msimu? Unamtunza nani mwengine, mama, mdogo wako, mtoto wa ndoa ya mwanzo? Una deni? Nikishona au nikiajiriwa, pesa yangu tutaihesabuje? Tukijaaliwa mtoto mwaka wa kwanza, tutakaa wapi? Mwanamme mkweli hachukii maswali haya. Na mahari yako ni yako. Usiyafanye ya kununulia makochi.

Binti yangu bado anakwenda tuisheni. Hesabu bado zinamsumbua, lakini sasa yeye ndiye anayejumlisha lile daftari kila mwisho wa mwezi, na akikosea baba yake anamrudisha mwanzo. Nilimwambia neno moja ambalo nataka na nyinyi muwaambie wenu: katika daftari hili, wewe si gharama. Wewe ndiye tunayemwandikia.

Allah atujaalie riziki ya halali yenye baraka, atuepushe na israfu na ubahili, awape waume zetu nguvu na sisi subira, na awajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Aamin.