Uzi Kwanza, Urembo Baadaye

Wahenga walinena, "Mchagua jembe si mkulima." Katika kazi ya kufuma msemo huo hauna budi kugeuzwa, kwani asiyechagua uzi wake hufuma hasara.

Huko Maliba, wilayani Kasese, chini ya milima ya Rwenzori ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, jioni huja na baridi itokayo mlimani. Mke wa askari polisi mmoja alikuwa akimngojea mumewe aje likizo. Mumewe alikuwa amemwagiza amfumie mwana wao wa miaka minne sweta jeupe la mikono mirefu. Fedha iliyotengwa ilitosha uzi wa sweta moja tu.

Katika soko la Bwera, mama huyo alivutiwa na uzi mweupe wenye kumeta, tena wa bei nafuu. Alikuwa karibu kulipa pale mama mkwe wake alipomwuliza, "Mwanangu, mtoto huyu huota moto wapi?"

Jibu lilikuwa moja: jikoni, penye mafiga.

Bibi huyo akaomba vipande viwili vya uzi, akatoka nje ya kibanda na kuvitia moto wa kiberiti. Ule mweupe uliyeyuka, ukaacha tone lililokauka na kuwa gumu kama ushanga. Wa kijivu ulinuka kama nywele zilizoungua, ukazimika wenyewe, na majivu yake yakapondeka vidoleni.

Wa kwanza ulikuwa akriliki. Uzi huo ni mwepesi, hukauka upesi na hausinyai, lakini ukishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Wa pili ulikuwa sufu, ambayo haishiki moto upesi na huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Kasoro yake ni kwamba hutaka kufuliwa polepole kwa maji ya uvuguvugu, isije ikasinyaa. Na bei yake ni kubwa.

Mama akachukua sufu. Fedha ikakoma, na mikono ya sweta ikakoma nayo. Akachagua mtindo wa kizibao.

Usiku ule alifuma kwanza kipande cha mraba, akapima sentimita 10 na kuhesabu vitanzi 22. Kifua cha mtoto kilikuwa sentimita 56. Akaongeza 6 ili apate kupumua, jumla 62. Hivyo alihitaji vitanzi 136, yaani 68 mbele na 68 nyuma. Lau mkono wake ungekaza hadi vitanzi 24, vitanzi hivyo 136 vingetoa sentimita 57 tu, na mtoto angebanwa.

Baba alipofika, alimwinua mwanawe, akakitazama kizibao kile cha kijivu, akauliza, "Mama, mikono iko wapi?"

"Itakuja na mshahara ujao," mkewe alijibu. "Vitanzi vitaokotwa hapo kwapani. Lakini itakuwa ya rangi nyingine, kwani uzi uliotiwa rangi siku mbalimbali mara nyingi haufanani."

Kisha akamweleza habari ya kiberiti. Askari yule alinyamaza, akamtazama mtoto aliyekwisha kukimbilia mafigani, wala hakuulizia tena sweta jeupe.

Basi, akina mama, kabla ya kuuliza rangi ya uzi, ulizeni kwanza mvaaji atakaa wapi.