Mizani ya Mwombaji

Msomaji mpenzi, yamkini siku moja utatamani kusoma uhandisi hadi shahada ya uzamivu, nawe utajiuliza kama nilivyojiuliza mimi: je, nitapokewa? Swali hili ni jema, lakini mtu aweza kulipimia jibu kwa mizani mbovu. Mimi nilifanya hivyo, na hasara yake sikuibeba peke yangu.

Mwaka 2015 nilimaliza shahada ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi katika daraja la kwanza. Katika mtihani wa GRE nilipata 167 katika sehemu ya hesabu, ambayo mwisho wake ni 170. Niliyatazama makaratasi yangu kama mkulima atazamavyo ghala lililojaa, nikasema moyoni kuwa chema chajiuza. Nikachagua vyuo vikuu sita vya Marekani, vyote vya sifa kubwa. Kila chuo kilitaka ada ya maombi, na mshahara sikuwa nao. Mama akauza mtamba wake, nami nikalipa.

Majibu yalifika kati ya Februari na Aprili 2016. Yote sita yalikuwa ya adabu, na yote sita yalikuwa ya kukataa. Mama hakuninung'unikia. Aliuliza tu, "Mwanangu, watu hao walitaka nini ambacho wewe huna?" Sikuwa na la kumjibu.

Jibu nililipata polepole. Nilipata kazi ya kumsaidia mhadhiri aliyekuwa akichunguza maji ya visima karibu na Nakuru. Katika Bonde la Ufa maji mengi ya chini ya ardhi yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani limeshauri kisipitwe. Floridi ikizidi huharibu meno ya watoto, na ikizidi mno kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Makaa ya mifupa ya ng'ombe huweza kuinasa, ila baada ya muda huchoka. Kazi yangu ilikuwa kupima huchoka upesi kiasi gani. Nilikosea mara nyingi. Vipimo vya miezi miwili nilivitupa kwa kuwa sikuziosha chupa vizuri.

Hapo ndipo nilipofahamu. Shahada ya uzamivu si zawadi ya aliyejibu vyema maswali ya wengine. Ni kazi ya kutafuta jibu ambalo hata mwalimu halijui. Alama huonyesha kwamba waweza kufundishwa. Hazionyeshi kwamba waweza kuvumilia penye giza. Tena katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi wa uzamivu wa uhandisi hulipiwa karo na kupewa posho, na mara nyingi fedha hizo hutoka katika utafiti wa profesa. Kwa hiyo profesa hutafuta mtu wa kufanya naye kazi, na akikosa fedha mwaka huo, hata mwombaji hodari aweza kukataliwa bila kosa lake.

Basi mwaka 2018 nilijiuliza maswali matatu. Nimefanya nini kwa mikono yangu? Nani aliniona nikifanya, naye yu tayari kunishuhudia kwa barua? Na huko niendako, nani anashughulika na jambo hili hili? Safari ya kwanza barua zangu tatu zilisema tu kwamba nilikuwa hodari darasani. Safari hii mhadhiri yule alieleza habari za zile chupa, jinsi nilivyokiri kosa nikaanza upya. Nilituma maombi manne. Vyuo vitatu vilikataa, kimoja kilinipokea.

Kwa posho ya kwanza nilimnunulia mama mtamba mwingine.

Sikuambii, msomaji, kwamba njia hii haina shaka. Tatu kati ya nne ni makataa mengi. Nakuomba tu usijivune kwa alama zako, wala usijinyime kwa ajili yake. Anza leo, hata katika maabara ndogo ya shule yako: uliza swali moja ambalo jibu lake halimo kitabuni, lipime, na ukikosea, osha chupa uanze tena.