Amani ya mpira iko kwenye marudiano

Mimi ni kocha wa vijana hapa Runingu, bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Kiliba na Sange. Kazi hii hainilishi. Ninakula kwa shamba la mpunga na mihogo. Lakini kila jioni, jua likianza kushuka nyuma ya milima, niko uwanjani na kipenga shingoni. Kuna mambo ninayoyaona hapo ambayo mtu anayepita na gari hawezi kuyaona.

Nianze na mpira wenyewe. Bondeni kwetu miiba ni mingi, na mpira mpya haumalizi mwezi bila kutoboka. Ukitoboka tunampelekea fundi wa baiskeli. Anafumua mshono, anatoa bladda, anabandika kiraka cha tyubu kwa gundi, kisha anashona upya. Ukishapata viraka viwili hauko duara tena. Ukiupiga unapinda hewani, na kipa anafungwa goli ambalo si kosa lake. Milingoti ya goli ni mikaratusi tuliyokata wenyewe, na kila kiangazi mwamba wa juu unaibwa na kuishia jikoni kwa mtu. Tunakata mwingine.

Hayo tumeyazoea. Kinachonichosha ni kingine.

Kwenye ekipi yangu kuna Wafuliiru, Wavira, Warundi na Wanyamulenge, makabila yenye ugomvi wa muda mrefu. Asiyekulia hapa hajui uzito wa sentensi hiyo. Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja kule Mutarule, wengi wao wakiwa kwenye ibada. Baada ya usiku ule wazazi walifungia watoto nyumbani, na kila mtu akawa anahesabu nani anapita njia ipi. Kwa muda mrefu uwanja ulikuwa malisho ya mbuzi tu. Waliorudi kwanza walikuwa watoto wadogo, kwa sababu walitaka kucheza. Wakubwa wakawafuata kuja kuwatazama, wakiwa wamesimama makundi makundi, kila kundi upande wake wa laini.

Ndiyo maana mashirika ya misaada yanatupenda. Yanakuja na gari jeupe, jezi zenye neno la amani mgongoni, soda, spika na kombe linalong'aa. Ekipi za vijiji visivyoelewana zinacheza toka asubuhi. Alasiri fainali, hotuba, picha, halafu gari linakimbia kurudi Uvira kabla giza halijaingia. Ripoti itasema vijana wamepatanishwa.

Sasa nikwambie kilichotokea kwenye fainali moja ya namna hiyo. Tulikuwa sare hadi dakika za mwisho. Mshambuliaji wetu akapokea pasi akiwa, kwa macho ya wenzetu, ameshaotea. Mwamuzi hakupuliza. Goli. Na mwamuzi alikuwa mtu wa kwetu, maana waandaaji hawakuona sababu ya kumlipia nauli mwamuzi wa mbali. Mawe yakaanza. Kombe tulikabidhiwa haraka haraka, gari likawashwa, na sisi tukabaki na fitina ya watu wengine juu ya fitina yetu.

Kwa majuma kadhaa vijana wa kijiji tulichocheza nacho hawakuthubutu kupita kwetu kwenda kusagisha mihogo. Wetu nao hawakwenda sokoni kwao. Goli moja la kuotea lilikuwa limefunga njia ambayo kina mama walikuwa wanaipita kila siku.

Tuliifungua kwa mechi nyingine. Kocha wa upande wa pili ni mtu mzima mwenye busara. Tulikutana, tukakubaliana marudiano yachezwe kwao, mwamuzi atoke Kiliba, nauli yake ya pikipiki tuchangie nusu kwa nusu. Wazazi wa wachezaji wangu waliogopa. Nikawaambia tusipokwenda, tutakuwa tumekubali kwamba lile goli ni letu kwa nguvu. Tukaenda. Mechi ikaisha bila goli, tena mbaya, mipira ya juu tu na kusukumana kwenye vumbi. Hakuna aliyepigwa. Siku ya soko iliyofuata, wavulana wao walipita wakiwa na mizigo kichwani, na wetu wakawa wanawapigia kelele kuhusu penalti waliyonyimwa.

Hapo ndipo amani ya mpira ilipo. Anayefungwa leo anajua juma lijalo atacheza tena na walewale, kwenye uwanja wake, mwamuzi akiwa mwingine. Kwa hiyo anameza hasira, anakwenda kufanya mazoezi. Ukimpa shindano la siku moja umemwambia amefungwa moja kwa moja, na hapa bondeni watu waliofungwa moja kwa moja wana njia nyingine za kulipiza.

Marudiano yana gharama ndogo ambazo hakuna anayetaka kuzilipa. Nauli ya mwamuzi. Faranga za bariere, yaani vizuizi vya barabarani, kwa sababu pikipiki yenye wachezaji watatu inasimamishwa kama pikipiki yenye magunia. Mpira wa akiba. Maji. Jezi moja iliyoandikwa amani inagharimu zaidi kuliko nauli hiyo ya mwamuzi, lakini jezi inaonekana kwenye picha.

Wapenzi wa mpira nao msiwachukulie kirahisi. Tarehe 2 Julai 2010, siku ya robo fainali za Kombe la Dunia, lori la mafuta lilipinduka Sange, kilomita chache kutoka hapa. Wapo waliokwenda kuchota petroli iliyomwagika. Wengi walikuwa wamejazana kwenye vibanda vya video kutazama mechi, hawakujua lolote. Petroli ikalipuka, moto ukawakuta hapohapo kwenye mabenchi. Walikufa watu zaidi ya 230. Mwaka ule hakukuwa na familia isiyomjua mtu aliyekufa. Na bado, Kombe lililofuata watu walirudi vibandani, jenereta nje, watoto wakichungulia kwenye matundu ya mabati. Wapo waliosema hatujifunzi. Mimi naona watu waliokataa kunyang'anywa kitu cha mwisho wanachokitazama pamoja.

Tarehe 7 Februari 2024 nilikuwa kwenye kibanda cha namna hiyo. Nusu fainali ya Kombe la Afrika, timu yetu ya taifa, Leopards, na Côte d'Ivoire kule Abidjan. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu waliziba mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakavielekeza kwenye kichwa kama bastola. Walikuwa wanasema juu yetu, watu wa mashariki tunaouawa huku dunia imenyamaza. Kibandani watu waliacha kupiga kelele. Mzee mmoja aliyekaa mbele alivua kofia. Tulifungwa 1-0, na siku iliyofuata uwanjani hakuna aliyezungumzia goli. Watoto walikuwa wanaigiza ile ishara kabla ya kuanza mazoezi, na hakuna aliyewafundisha.

Wachezaji ninaowapoteza hawaondoki kwa kuchoka mpira. Zamani kijana mwenye kipaji aliota Bukavu, kuchezea Muungano au Bukavu Dawa. Tangu waasi wa M23 waichukue Bukavu Februari 2025, ndoto hiyo imekatika njiani. Wengine wanakwenda kwenye machimbo ya dhahabu, wengine msituni kushika bunduki.

Kiungo wangu bora aliyewahi kuvaa namba 8 alirudi jioni moja na bunduki begani. Watoto walitawanyika. Akaniomba acheze dakika chache. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hatuchezi bunduki ikiwa pembeni, na wewe huwezi kuiacha." Hakukasirika. Alikaa nyuma ya goli hadi mazoezi yakaisha, akiwarudishia wadogo mipira iliyotoka. Alipoinuka alinisalimu kwa heshima, akauliza, "Kocha, mechi inayofuata ni lini?" Sikuwa na tarehe ya kumpa. Kama ningekuwa nayo, sijui angefanya nini, lakini ningempa.

Kwa wasichana ni vigumu zaidi. Saa ya mazoezi ndiyo saa ya maji na sufuria. TP Mazembe ya wanawake ilipochukua Ligi ya Mabingwa Afrika Novemba 2024, mama mmoja alikuja kuniuliza kama ni kweli wale ni Wakongomani. Binti yake akaanza kuja. Tatizo likabaki lilelile: ekipi nyingine ya wasichana ya kucheza nayo iko mbali, na mzazi hawezi kumwachia binti njia yenye bariere bila kujua atarudi saa ngapi.

Desemba 2025 vita viliteremka bondeni hadi Uvira. Wachezaji wangu wengi walivuka mto Ruzizi na familia zao kwenda Burundi. Ekipi iliyochukua miaka kujengwa ilitawanyika kwa siku chache, na najua watakaorudi watarudi na hesabu mpya za nani alimfanyia nani nini.

Kwa hiyo mwenye nia ya kutusaidia namwomba hivi. Aache kombe. Aache jezi. Alipe nauli za waamuzi kwa msimu mzima, anunue mipira inayoshonwa vizuri, akae na viongozi wa vijiji na wenye bariere wakubaliane juu ya siku za mechi, kisha karatasi ya ratiba ibandikwe shuleni, kanisani na sokoni. Ratiba ionyeshe nyumbani na ugenini, kila ekipi mara mbili. Kazi hiyo haina sherehe wala hotuba. Kila mechi ikishapigwa, vijiji viwili vitakuwa vimekwenda na kurudi salama, na vitajua tarehe ya kufanya hivyo tena.