Mtu akisema basi

Ndugu zangu wa hapa Nyarugusu na ninyi mlioko Nakivale, Kakuma, Dzaleka na kwingineko. Juzi mmoja wetu aliuliza: sisi watu tuliokimbia vita, tunapata raha gani kuangalia watu wakipigana ndani ya wavu? Majibu yalikuwa mengi, mengine ya utani, mengine makali kidogo. Mimi nilinyamaza kwa sababu jibu langu ni refu. Leo bando lipo, naandika.

Kwa wasionijua, najitolea upande wa michezo ya watoto. Kazi yangu ni kugawa mipira saa tisa mchana, kuirudisha stoo saa kumi na mbili, na hapo katikati kuamua nani alimkanyaga nani. Wazazi wangu walitoka Fizi, mimi nimesoma hapa hapa kambini mpaka nikamaliza sekondari. Mpira wa miguu nauheshimu, ndio unaonipa kazi. Lakini mchezo wa moyo wangu ni MMA, ule ambao wengi wanauita UFC, kama vile watu wanavyoita kila dawa ya meno Colgate.

Shindano la kwanza la UFC lilifanyika Denver, Marekani, Novemba 1993. Siku hiyo hakukuwa na madaraja ya uzito, aliyekuja alipigana na aliyepangiwa. Waliingia mabondia, watu wa karate, na hata mtu wa sumo aliyejaa kama gunia. Aliyeshinda alikuwa Mbrazili mwembamba, Royce Gracie, mwenye kilo kama 80. Alishinda mapambano matatu usiku mmoja, na hakumzimisha mtu hata mmoja kwa ngumi. Aliwapeleka chini, akawabana, wakagonga.

Huko kugonga ndiyo roho ya mchezo. Ukipigwa kabali, au mkono ukikunjwa mpaka unaona sasa unavunjika, unampiga mwenzako kofi dogo mara mbili tatu, au unapiga sakafu. Mikono ikiwa imeshikwa, hata kusema kwa mdomo kunatosha. Refa anaingia sekunde hiyo hiyo na aliyekushika lazima aachie. Halafu mnasimama, mnakumbatiana, yeye anaenda na ushindi wake na wewe unaenda na mkono wako mzima.

Miaka ile ya mwanzo Seneta John McCain wa Marekani aliufananisha mchezo huu na kupiganisha majogoo, akawaandikia magavana waupige marufuku. Simlaumu sana, kanuni zilikuwa chache mno. Baadaye zikaja: glavu, madaraja ya uzito, raundi za dakika 5, tatu kwa pambano la kawaida na tano kwa la ubingwa, marufuku kupiga kisogo, marufuku vidole machoni, marufuku kupiga kwa kichwa. Lakini jogoo hagongi. Hilo lilikuwepo tangu usiku wa kwanza na mheshimiwa alilipita tu.

Mtaniambia kuhusu Khabib na McGregor, Oktoba 2018. Sawa, tuliangalia wote. Maneno ya kabla ya pambano yalikuwa machafu, watu walitukaniana mpaka dini na familia. Raundi ya nne Khabib akambana shingo, McGregor akagonga, Khabib akaachia. Halafu akaruka wavu akaenda kumvamia mtu wa kambi ya McGregor, na ukumbi wote ukageuka vurugu. Alifungiwa miezi 9 na faini ya dola 500,000. Angalieni vizuri uchafu ulitokea wapi. Ndani ya wavu, kwa watu waliochukiana hivyo, kugonga kuliheshimiwa. Nje ya wavu hakukuwa na wa kugonga.

Sasa nije kwa hoki, maana nina ugomvi nayo. Familia ya rafiki yangu wa utotoni ilipata safari ya Kanada, wako Winnipeg. Zamani tuliangalia UFC pamoja kwenye banda la video, tumebanana benchi moja watu sita. Siku hizi ananitumia video za hoki tu. Siyo ule mpira wa magongo wa kwenye nyasi, ambao Kenya walishika nafasi ya nne Kombe la Dunia la mwaka 1971. Huu ni wa juu ya barafu. Kila upande wachezaji sita pamoja na kipa, viatu vyenye chuma chini kama kisu, gongo mkononi, na badala ya mpira kuna kidude cheusi cha raba, bapa, wanakiita paki. Vipindi vitatu vya dakika 20. Barafu yenyewe mimi nimeiona kwenye friji ya soda, na siku hizo friji inapowaka.

Video ya kwanza nilidhani amekosea kutuma. Watu wawili wametupa glavu, wameshikana jezi, wanarushiana ngumi za uso, na marefa wamesimama pembeni wanaangalia! Wanangoja mmoja aanguke au wote wachoke. Kisha wote wawili wanapelekwa kwenye kizimba cha adhabu, wanakaa dakika 5, wanarudi kucheza kama hakijatokea kitu. Nikamwandikia: kaka, huo ndio mchezo wa familia huko kwenu, na UFC yetu ndiyo ya wahuni?

Alijibu kwa sauti, dakika nne nzima, anacheka. Akasema sielewi. Zamani kila timu ilikuwa na mtu wake wa kulinda wenzake, ukimuumiza mchezaji wetu mdogo lazima ukutane na huyo. Kwa hiyo eti ngumi zinaleta amani.

Ndugu zangu, mimi nimesikia mara nyingi mno kwamba wanaume wenye nguvu wapo kwa ajili ya kutulinda. Ninyi pia mmesikia. Sikukubali.

Na huo ulinzi una gharama. Derek Boogaard, Mkanada, alicheza mechi zaidi ya 270 za NHL akafunga mabao 3. Mabao siyo yaliyomweka pale, ngumi ndizo zilizomweka. Alikufa Mei 2011 akiwa na miaka 28, kwa dawa za maumivu zilizochanganyika na pombe, na madaktari walipouchunguza ubongo wake walikuta ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. MMA nayo si salama kwa kichwa, nisidanganye mtu. Lakini huku kila aliyeingia ameingia kupigana na aliyepimwa uzito kama yeye, na mlango wa kutokea anaujua. Boogaard angegonga wapi? Ile ndiyo ilikuwa kazi yake kwa timu. Ukikataa, wanatafuta mwingine.

Hata hivyo hoki nisiionee. Rafiki yangu aliniambia kitu kilichoninyamazisha. Kazini kwake, Jumatatu asubuhi, watu wote wanaongelea timu yao ya Jets, na yeye miezi ya kwanza alikuwa anakula chakula chake peke yake anaangalia ukuta. Akaanza kuangalia hoki ili apate neno la kusema. Sasa anabishana nao. Hilo siwezi kulicheka. Wala tusiseme barafu si ya watu weusi: Willie O'Ree alicheza mechi yake ya kwanza NHL na Boston Bruins mwaka 1958, akiwa haoni jicho moja na amewaficha wakubwa wake. Na Nairobi kuna timu ya Ice Lions, wanafanya mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli, barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 hawakuwa na timu ya kushindana nayo, wakapelekwa Kanada kucheza mechi.

Halafu kile kizimba cha adhabu nimekiiba. Kwenye hoki kosa dogo ni dakika 2 nje, na timu yako inabaki na mtu pungufu. Ujinga wako wanaulipa wenzako, na wewe umekaa unawaona. Kwenye mechi za watoto wangu nimeweka dumu la njano pembeni ya uwanja. Ukimpiga mwenzio, unalikalia dakika 2. Kadi nyekundu haikusaidia kitu, mtoto uliyemfukuza anaenda nyumbani na hasira yake, au anarudi na jiwe. Wa kwenye dumu anahangaika, anauliza muda, anataka kurudi. Akirudi anacheza vizuri.

Sasa kwa nini hili la kugonga linanikaa moyoni. Popole Misenga mnamjua, mwana wa Bukavu. Alikimbia vita akiwa mtoto wa miaka 9, akajifunza judo Kinshasa. Kwenye judo kugonga kupo kama kwenye MMA. Lakini alisimulia kwamba akishindwa makocha walimfungia kwenye chumba, anapewa chakula kidogo tu. Yaani mkekani unaruhusiwa kushindwa, ukitoka mkekani unaadhibiwa kwa sababu umeshindwa. Mwaka 2013 yeye na Yolande Mabika walienda Rio kwenye mashindano ya dunia, wakabaki huko huko Brazil. Mwaka 2016 wote wawili walikuwa kwenye ile timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, watu 10, watano kati yao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotokea Kakuma. Popole alishinda pambano la kwanza dhidi ya Avtar Singh wa India, kisha akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia. Alishindwa, watu wakamshangilia, akaenda kulala kitandani kwake. Sisi tunapenda kusimulia ule ushindi. Mimi napenda hiyo sehemu ya pili.

Francis Ngannou naye naona tunamsimulia vibaya. Kila mwezi kuna mtu anaweka hapa ile picha: kijana wa Kamerun aliyechimba mchanga, akavuka jangwa, akafika Ulaya, akalala nje Paris, akawa bingwa. Ni kweli yote. Lakini kijana wa miaka 17 akisoma hiyo anaona jangwa ndiyo njia ya ubingwa. Jangwani hakuna kugonga, jamani. Ukisema basi, hakuna refa.

Mimi namsimulia hivi. Januari 2018 alipigana na Stipe Miocic akachoka vibaya, maana alikuwa na ngumi tu, mieleka hakuijua. Akarudi kujifunza. Machi 2021 akamzima Miocic raundi ya pili. Januari 2022, goti moja bovu, watu wote wanangoja ngumi, akambeba Ciryl Gane na kumtupa chini mara kadhaa, akashinda kwa pointi baada ya raundi tano. Mwaka uliofuata aliondoka UFC na ubingwa wake mkononi kwa sababu ya mkataba, na kati ya aliyoyadai ilikuwa bima ya afya kwa wapiganaji wote. Hiyo ndiyo stori ya kumpa mtoto.

Dada mmoja wa shirika, ninayemheshimu kabisa, alituambia watoto hawa wameona mapigano ya kutosha, kwa nini tuwaongezee. Ana hoja. Lakini dada, mapigano yapo, tuyataje au tusiyataje. Njoo bombani saa kumi na moja alfajiri, foleni ya madumu ikianza kusogea. Mwaka jana niliona vijana wawili, umri kama miaka 12, wanagaragazana kwenye matope. Yule wa chini alikuwa anasema basi, basi, nimekubali. Wa juu anaendelea tu, mpaka mama mmoja akawamwagia maji yake aliyoyapangia foleni. Yule kijana namjua, si katili. Ni kwamba hajawahi kuona mahali ambapo neno basi linafanya kazi.

Kwa hiyo Jumamosi, kiongozi wetu wa zoni akijua, tunafundisha mieleka nyuma ya stoo ya michezo. Hakuna ngumi, hakuna mateke, kabali ni marufuku kwa watoto. Ni kushikana, kuangushana taratibu, kupiga mtama, kujinasua. Wiki mbili za kwanza tulifanya zoezi moja tu: namshika mwenzangu mkono, anagonga, naachia. Tunabadilishana. Mara hamsini. Walilalamika sana, walitaka mambo ya UFC. Anayechelewa kuachia anaenda kwenye dumu. Wasichana waliomba kuingia na sasa wako saba, wana saa yao na mwalimu wao wa kike ambaye amesomea huduma ya kwanza.

Tumeomba tuwekwe kwenye ratiba rasmi ya michezo. Jibu limekuja na masharti, na masharti ni ya haki: wazazi wasaini, mtu wa huduma ya kwanza awepo, na sehemu ya kuangukia iwe laini. Wazazi 19 wamesaini. Baba mmoja alikataa, akaja kuangalia, akasimama mwisho kabisa na mikono nyuma, akasaini wiki iliyofuata bila kusema neno. Kilichobaki ni mikeka. Turubai kuukuu tunalo, magunia 30 tunayo, maranda ya kujaza ndiyo hatuna, na nyasi kavu zinageuka vumbi baada ya siku mbili. Kama huko mliko kuna aliyewahi kutengeneza mikeka ya judo au ya mieleka kwa vitu vya kuokoteza, aandike hapa chini alitumia nini na ilidumu muda gani. Mafundi seremala wa zoni ya jirani wamesema maranda yapo, ila tuyafuate wenyewe kabla hayajauzwa kwa wafuga kuku.